Amen ya Asubui

Baba Hadassa,

Mboga ya sombe iko mu nyungu, bukari utapika weye mwenyewe. Hadassa asisahabu koti yake, baridi iko mingi.

Sasa ile ya asubui. Nilikuambia naenda ku «portes ouvertes». Weye ukaruka pa kitanda: «Amen! Mungu akufungulie kila mulango!» Ukaniwekea mikono ku kichwa, ukaomba mpaka chai ikapola. Ulifikiri ni maombi ya kanisa. ~~Unisamehe, nilikudanganya.~~ Hapana! Ulinipa nafasi ya kusema? Ni portes ouvertes ya iniversité: leo banafungua milango, banapokea bantu bakubwa benye baliacha masomo na banataka kurudia. Minye niliacha juu ya mimba ya Hadassa. Miaka tisa nakuomba, na weye unajibu kila mara paka «tutaona».

Leo uliomba weye mwenyewe, na sauti ya nguvu, kartier muzima ya Panda ikasikia. Kama unataka kukatala, anza kuambia Mungu.

Uko unaoga, unaimba, minye nacheka peke yangu hapa ku meza. Natoka mbio.

Ukitoka na weye, funga mulango. Ya nyumba tu.

Bibi yako,
Mama Hadassa