Tiketi ya Ndege Niliyokukatalia

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, ila mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Bado niko Kariakoo, bado nabeba. Leo nimepandisha marobota ya vitenge ghorofa ya nne huku Mchafukoge, lifti imekufa tena. Nimekalia robota la mwisho, nakuandikia. Ndiyo, Mama, nabeba mizigo. Uliwaambia majirani Kigoma kwamba mwanao yuko dukani, na mimi sikukusahihisha. Dukani nilikuwa, kweli, ila naishia mlangoni na mzigo begani.

Kuna jambo hukulijua. Kabla hujaugua, bosi wangu Mama Haika aliniita kaunta. Yeye hununua mali China na kulipa kwa kadi ya benki, na kila akilipa benki humwekea pointi. Pointi zikijaa zinageuka tiketi ya ndege. Watoto wake na dada zake wamesafiri nazo mpaka wamechoka. Safari ile zilibaki, na muda wake ulikuwa unakwisha. Akaniambia, "Juma, si una mama Kigoma? Mlete aje aone Bongo. Nipe jina lake tu."

Jina lako tu, Mama.

Nikamjibu, "Mama yangu anaogopa ndege, bosi."

Wabebaji wenzangu wakadakia, "Tupe sisi basi, sisi tunaogopa basi la Kigoma!" Wakacheka, nami nikacheka. Mwezi ukaisha, pointi zikafutika, hakuna aliyepanda.

Wewe uogope ndege! Wewe uliyekuwa ukisikia ngurumo yake unaacha ugali motoni, unatoka uani kupunga kanga mpaka ipotelee juu ya ziwa. Unarudi umechangamka, unatuuliza, "Hivi hao walio juu wanatuona?" Ugali ulioungua tumekula sana nyumba ile.

Niliogopa mimi. Niliogopa ushuke, utake kuliona hilo duka langu, unikute na kamba na jasho. Nikakusemea. Na ulishanikanya tangu mdogo, siku ile zahanati nilipomwambia nesi mguu wako hauumi, kwa vile nilitaka turudi nyumbani. "Usinisemee, mdomo ninao."

Ulipofariki nilikuja kwa basi. Nikakuta udongo umeshakauka juu yako. Jirani akanishika mkono akasema, "Marehemu alikuwa akitwambia utamwita Dar." Sikulia pale. Nililia kwenye basi la kurudi, abiria wa pembeni akadhani naumwa tumbo, akanipa tangawizi nitafune. Nikatafuna.

Juzi Mama Haika kasema pointi zimejaa tena. Nilimweleza uongo wangu wote. Akasema, "Mjinga wewe," lakini kwa sauti ya chini. Safari hii sikumjibia mtu. Nilimpigia mdogo wako huko Kigoma, Mama mdogo Zaituni, nikampa bosi simu waongee wenyewe. Swali la kwanza la Mama mdogo: "Ndege inapokea dagaa?"

Baadaye nikamwambia asishtuke akinikuta na mizigo. Akasema, "Mbona dada alijua? Idi ile uliyokuja alisema mabega hayo si ya kupima vitambaa."

Ulijua, Mama. Ulijua na bado ulisubiri nikuite.

Nisamehe. Sina neno zaidi ya hilo, na darasa la saba halikunipa jingine.

Mama mdogo anakuja wiki ijayo. Naahidi nitampokea nikitoka kazini, na vumbi langu, na ngata yangu begani, kisha nimpeleke hadi mlangoni pa duka. Nimemwagiza akae dirishani. Ndege ikipita juu ya nyumba, aangalie chini, pale nyuma ya jiko walipokulaza, akupungie kanga.

Kama wanatuona, ataniambia. Idi nitakuja kukaa karibu yako, nikupe jibu.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Juma