Pamba Uliyoficha Kwenye Milango

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Najua huitikii, na hata ulipokuwa hai ulikuwa unaitikia nusu, macho yako yako kwenye gari. Leo sijakuandikia salamu tu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa na swali moja kwako, na nilikuwa nimeapa kulileta hadi kaburini nikuulize kwa kelele: uliacha nini ndani ya gari lile?

Maana Zuhura alianza kukohoa. Mwanangu hakuwa na hata kamasi, wewe shahidi. Ulipoondoka, gari likawa lake. Anaingia, anashika usukani, anatuaga kwamba anakwenda Simbo kuchukua mihogo, kisha analala kwenye kiti chako mpaka nimwite chakula. Nilimwacha. Nilijua anamtafuta mjomba wake. Arobaini ikapita, kikohozi kikaanza, kile kikavu kisichosikia asali wala tangawizi.

Na harufu nayo ikawa inazidi. Ulipokuwa hai uliniambia ni migebuka. Mie, Kaka? Mie wa kuambiwa ni migebuka? Nimeuza samaki soko la Ujiji tangu Mama yu hai, samaki aliyelala namjua kabla sijamwona. Ile ilikuwa mawese yaliyochacha, na udi juu yake, na chini yake kitu kama nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni. Ndani kabisa kulikuwa na kitu kingine kikali, cha baridi puani, ambacho sikukipatia jina.

Nilimpa dereva gari alitembeze, tupate chochote. Abiria wa kwanza alishukia Bangwe, akasema heri atembee kwa miguu. Mwingine akauliza kama hili ndilo gari lililokuwa likibeba maiti za wakimbizi. Nikachoma udi mpaka macho yakawa mekundu. Nikaweka mkaa kwenye bakuli, nikasugua ndimu, nikaacha milango wazi juani kutwa. Jua likizama na harufu inarudi mahali pake.

Sasa niambie, mtu asishuku? Unakumbuka mwaka ule. Vita ng'ambo ya ziwa, maboti yanashusha watu na mafurushi, malori yanawapeleka kambini, na kipindupindu kikapita humo humo. Mji mzima ulikuwa unanusana. Yule mama wa maandazi nyuma ya msikiti, mtoto wake aliumwa tumbo tu, tumbo la kawaida, na hakuna aliyenunua andazi lake tena mpaka akahama. Ndipo katikati ya hayo wewe ukabadilika.

Ukang'oa viti vya nyuma. Ukaacha abiria, ukawa unabeba madumu ya mawese peke yake. Nikakuuliza, ukasema abiria wana maneno. Wewe! Wewe uliyekuwa unazima gari njiani ili umalize hadithi! Kisha ukatoa vile vyuma vya Baba, vya wakati mnaunda maboti, ukanunua pamba ya godoro, ukaichovya kwenye mawese na kuishindilia ndani ya milango na kwenye paa, kama unavyoziba mianya ya mbao boti lisiingize maji. Juu yake ukapaka lami. Ukaniambia gari linapiga kelele, unalituliza. Tangu lini gari la madumu likatafutiwa utulivu?

Ukahamia humo kulala. Wezi wamezidi, ukasema, wageni wamejaa mjini, taa za gari zinang'olewa. Asubuhi nikitoka kufagia naona vioo vimejaa ukungu kwa ndani, na wewe unashuka umelowa jasho, unanukia udi. Bi Chausiku jirani akaniita pembeni, akaniambia kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika mtaa wa tatu: "Kaka yako ana bibi wa Kirundi humo garini. Amezibwa akili." Nikaamini. Ukungu wa vioo unatoka wapi kama si kwa watu wawili? Nilinusa hadi mashuka yako, sikufichi.

Lililoniuma ni lile la Zuhura. Siku ile mvua inanyesha, amesimama na mkoba wake wa shule mlangoni mwa gari, wewe ukamfungia mlango usoni ukawasha na kuondoka. Mtoto alilia mpaka akatapika. Siku hiyo nilikuchukia, Kaka. Nilisema moyoni, mwanaume akipata mwanamke hata damu yake anaitupa.

Na haukupita muda mrefu. Ukaenda hospitali kwa miguu yako, ukarudi umefunikwa. Wakatuambia ni mapafu. Nilikuzika nikiwa na maswali yangu.

Kikohozi cha mtoto kilipozidi nikasema basi, gari lifumuliwe. Nikalipeleka kwa Fundi Asani, wa viti vya magari pale Mwanga, yule aliyevuka na watu wa ng'ambo. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake kutwa nzima, asije akanibadilishia kifaa. Alifungua mlango wa kwanza, akavuta pamba, ikatoka nyeusi, imeota ukungu, inanuka hadi mbuzi wakasogea mbali. Akainama chini ya zulia. Hakuna kitu, bati tupu na kutu. Akakuna kichwa.

"Mama," akasema, "kelele ya barabara inatokaka chini. Mwenye anataka gari linyamaze anaanzaka chini. Huyu chini hakugusa. Alikuwa anazuia ya ndani isitoke."

Nikamwambia aendelee kufumua, asiniletee mafumbo. Akainua kiti chako. Chini yake, Kaka, kulikuwa na sufuria yangu! Ile ndogo yenye sikio moja, niliyoitafuta mpaka nikamshuku kila aliyepita uani kwetu. Ndani yake majani makavu yamegandana. Nikayasugua mkononi, nikanusa, na lile jina lililokuwa linanikimbia likaja lenyewe. Mkaratusi. Fundi Asani alitazama paa lililooza juu ya kiti cha dereva, akatazama sufuria, akasema polepole kwamba humu mtu alikuwa anajifukiza.

Mtaani kwetu mkaratusi uko mmoja tu, uani kwa Bi Chausiku. Sikunawa hata mikono. Niliingia kwake bila hodi, sufuria mkononi, nikaiweka juu ya mkeka wake.

Aliitazama sufuria. Kisha akalia. Akaniambia alikuwa anakuchemshia maji kila jioni, unayapokea dirishani kwake, unaingia garini, unafunga vioo na kujifunika blanketi na mvuke wako. Unakohoa humo mpaka unaishiwa, na nje hakisikiki kitu. Pamba yote ile ilikuwa ya kikohozi chako. Nikamuuliza, na yule bibi wa Kirundi? Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Hakuwepo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenituma niseme. Alisema, bora niitwe mhuni kuliko niitwe mgonjwa. Mdogo wangu anauza chakula. Wakisikia nyumba ina kifua kikuu, nani atanunua kwake?"

Samaki, Kaka! Ulijifungia humo ukafa kwa ajili ya migebuka yangu? Ningewamwaga wote ziwani! Ningeuza chumvi, ningeuza kuni, ningekaa hata bila kuuza! Dawa ya kifua ipo, wanaitoa hospitali pale juu, na wewe una gari. Una gari, Hamisi! Nilipiga kelele hizi zote uani kwa Bi Chausiku, naye anajibu tu, nilimwambia, mwanangu, nilimwambia.

Naelewa sasa kwa nini uliwakimbia abiria. Naelewa na ule mlango uliomfungia Zuhura usoni. Lakini kuelewa hakujanitoa hasira. Nakwambia wazi nina hasira na wewe mpaka ninapoandika haya.

Na hofu ikaja juu ya hasira. Mtoto anakohoa, na analala kwenye kiti kile kile. Nilimbeba mgongoni mtoto mkubwa vile, miguu inaninging'inia magotini, hadi hospitali. Daktari, binti mdogo tu, akamsikiliza kifua, wakachukua makohozi, wakapiga picha. Siku za kusubiri majibu sikumeza kitu. Nilikuwa naamka kusikiliza anavyopumua.

Akasema kifua ni safi. Nikamwambia apime tena. Akacheka, akanionyesha ile picha dirishani, akauliza mtoto anachezea wapi. Nilipomwambia habari za gari akasema ni ule ukungu wa pamba, aondolewe humo na atapona. Nami nilipimwa. Mie pia ni mzima. Hukumwambukiza hata mmoja wetu, Kaka. Hilo nimelibeba kutoka hospitali hadi nyumbani, na sikujua kama nishukuru au nilie, basi nikafanya yote mawili njiani, watu wananitazama.

Fundi Asani aliitoa pamba yote akaichoma nyuma ya banda lake. Bati tukaliosha kwa sabuni na ndimu, milango ikakaa wazi juani mpaka hata mie na pua yangu nikaridhika. Safari hii alianza chini: lami, juu yake mablanketi ya kijivu, kisha zulia. Nilimuuliza mablanketi yale ya msaada wa wakimbizi kayapata wapi, akaniambia mama, blanketi haliulizwi ukoo. Bado namshuku. Lakini gari sasa linapita kwenye mashimo ya njia ya Simbo limetulia, na vioo viko wazi. Yule abiria wa Bangwe amepanda tena. Mvua ikinyesha mkaratusi unasikika kidogo upande wa dereva. Fundi alitaka kurudia kusugua pale, nikamwambia aache.

Kuna jambo moja nililikuta. Juzi Zuhura alibanwa na kikohozi, akaziba mdomo kwa khanga yangu na kukimbilia garini. Kumbe alikuwa anakuona ukifanya hivyo. Nikamshika mkono nikamrudisha uani, nikamwambia kohoa hapa hapa, nisikie. Na ahadi yangu kwako ndiyo hiyo. Humu ndani hakuna atakayekohoa kwa kujificha tena, hata kama soko zima litahama.

Akakohoa. Bi Chausiku akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta, nani huyo anakohoa huko? Nikamjibu kwa sauti ya kufika sokoni: ni Zuhura, anaumwa kifua, na kesho tunauza migebuka kama kawaida.

Kesho yake walinunua, Kaka. Walinunua wote.

Pumzika. Mungu akupe nafasi pana, yenye hewa.

Mdogo wako,
Mwajabu