Kila Kikombe, Tangazo Moja

Kwa kaka yangu Getnet,

Hapa Dessie tu wazima, ukiacha kikohozi cha Mama na mchuzi wa shiro wa safari hii uliozidi pilipili.

Tovuti yangu ya mapishi ya mfungo imefungiwa matangazo ya biashara yaliyokuwa yakiniingizia pesa. Kampuni inayoyaleta imeniandikia kwamba simu arobaini za mtaa mmoja zinayabonyeza mara tatu kila asubuhi, na huo ni udanganyifu. Mara tatu! Ni nani hao kama si wanachama wa chama cha mazishi, wasioinuka kwenye kahawa ya Mama kabla ya kikombe cha tatu? Nilipowauliza, Bi Workinesh alicheka: "Mwanangu, si Getnet alitufundisha alipokuja wakati wa Pasaka? Kila kikombe, tangazo moja, tumsaidie dada yake. Mimi sijaruka hata siku moja!"

Miaka minne nimepika, nimepiga picha, nimeandika. Wewe ukaja siku moja, ukaondoka na sifa ya kaka mwema. Ungeniuliza, ningekwambia: watu wangu wasiguse matangazo yangu kamwe.

Majirani wamekuja kunipa pole kama nimefiwa. Mama nimemwambia wamefuata kahawa tu. Yeye bado huvaa miwani kila asubuhi, hutafuta tangazo asilione, akabonyeza picha ya dengu. Kisha huniuliza, "Pesa imeingia?"

Namjibu imeingia.

Uongo huo ni wako, Getnet. Njoo uuseme mwenyewe.

Dada yako uliyemsaidia,
Yeshimebet