Siku ya Kumkumbuka Stoil

Wifi Zdravka mpenzi,

Huku hatujambo. Pilipili hoho zimestawi mwaka huu, mtaa mzima unanukia za kuchoma. Mama yako bado anagombana na kuku wa jirani.

Jumapili tulimkumbuka kaka yako, mume wangu Stoil. Ni miaka mitano tangu gari la majambazi limgonge pale darajani, alipokuwa kwenye zamu yake ya trafiki akiwaondoa watoto wa shule barabarani. Padri alisali, tukala ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu, kisha vicheko vikaanza. Kinyozi Rangel alisimulia siku Stoil alipomsimamisha mama yenu, kwa sababu mkokoteni wake wa punda haukuwa na taa.

"Mama, leseni."

"Leseni yangu ni wewe, nilikubeba miezi tisa. Sogea."

Akasogea, halafu akamwandikia faini. Mama mwenyewe alicheka hadi machozi.

Hapo binti yetu Yoana akasimama, akasema amekubaliwa chuo cha polisi. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi.

Mama yako akanifuata. "Mwanangu, hata mimi nilimruhusu wangu," akasema. "Kumruhusu sijutii. Najuta asubuhi ile sikumuaga vizuri, nilikuwa nafukuza kuku."

Leo Yoana ameondoka. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, nikamnyoosha kola, nikamkumbatia. Dereva akapiga honi, nami nikamwacha apige.

Mpigie simu, wewe shangazi yake, atafurahi.

Wifi yako akupendaye,
Desislava