Buni Sokoni Muscat

Bibi, shikamoo. Mimi mzima, naamini na migomba yako haijambo.

Jana bosi alinipeleka soko lao la kale. Limeezekwa lote kwa mbao za nakshi, na vichochoro vimebanwa makusudi ili jua lisiingie. Mzee mwenye duka alituwekea buni tuchague. Mkono ukaenda wenyewe, nikatafuna, kama emwani, ile kahawa ya kutafuna unayowapa wageni. Watu wakacheka.

"Kwenu mnatafuna kahawa?" bosi akauliza.

Nikasema hapana.

Mzee akanitazama. "Babu yangu, aliyejenga duka hili, alifanya biashara Karagwe," akasema kwa Kiswahili, akipataja kwetu. "Alirudi akitafuna hivyo hivyo."

Akaninyooshea punje kwa mikono miwili, kama ufanyavyo wewe. Nikaona haya kwamba nimekukana, nikatazama paa nisikutane na macho yake.

Mjukuu wako,
Agnetha, wa Kamuli