Tromboni ya Kanisa kwenye Ngoma ya Saba

Jumanne, 4 Oktoba 2016

Bwana asifiwe, Serah. Habari ya goti? Linalalamika kwenye ngazi, lakini limenifikisha. Najisalimu mwenyewe kwa kuwa leo sikusalimiwa na mtu ila wazee wa kazini, na wao husahau wakanisalimu tena.

Habari yenyewe: Rumen, mpishi wetu pale nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku ughaibuni, Mbulgaria, ana bendi. Bendi kubwa ya jazi — saksafoni, tarumbeta, tromboni, safu kwa safu. Lakini nyimbo ni za harusi za kijijini kwao. Anazichukua hizo za Balkani anazivalisha suti ya Kimarekani. Sasa mpiga tromboni mmoja amevunjika mkono. Rumen alinisikia Pasaka nikiwapigia wazee tenzi. Ameniomba huku anamenya viazi. Nimekubali kabla sijafikiri.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Aibu tupu.

Wimbo unahesabiwa saba: fupi, fupi, refu — mbili, mbili, tatu. Hatua tatu. Mimi tromboni nilifunzwa Kakamega kwa gwaride — moja ni mguu wa kushoto, hata ukiwa umeketi. Lakini kwa hatua tatu, moja inayofuata inaangukia kulia! Mimi nikawa naongeza hatua ili nirudi kushoto. Wenzangu wamemaliza, mimi bado niko njiani.

Mpiga dramu ni Jaswant, Singasinga wa Nairobi, anauza mazulia. Kusikia nina binti akaanza papo hapo kuniita Mama Ann. "Mama Ann, unapigana na miguu yako, na miguu inashinda."

Nikamwambia moja ni kushoto, ndivyo nilivyofunzwa.

"Kwani wa kulia uliumbwa na nani?"

Nimecheka hadi nikashindwa kupuliza. Baada ya hapo wimbo ukaingia. Wenyewe! Rumen amenipa kipande nisimame nipige peke yangu.

Jumapili, 9 Oktoba

Baada ya ibada nilimwambia Ndugu Harrison, kiongozi wa bendi yetu ya kanisa. Tromboni ni ya kanisa, nisingemficha. Onyesho ni Jumamosi, ukumbi wa klabu hapa Barking, na ndani kuna baa. Akauliza kama watu watakunywa. Nikasema watakunywa, mimi nitakunywa maji.

Akakunja viti viwili kwanza. Kisha akasema chombo kilichoombewa hakiendi kusimama katikati ya chupa. Nikienda nacho, itabidi nikirudishe kanisani — na kiti changu cha bendi pia. Alisema kwa upole. Ndiyo maana imeniuma.

Kiti hicho nimekikalia tangu Ann akiwa mgongoni. Ann mwenyewe amenijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba nitafute tromboni yangu yaishe. Hajaelewa. Si chuma ninachotaka. Nataka nipige kule, na Jumapili nikae hapa bila kuinamisha macho.

Nimemwomba Harrison aje asikie kwanza. Amesema ataona.

Jumatano, 12 Oktoba

Amekuja! Na sare ya bendi ya kanisa, kofia mkononi. Alikaa karibu na mlango kama anayesubiri basi. Rumen akampelekea chai.

Tukapiga ile ya saba. Niliposimama kwa kipande changu sikumwangalia usoni, nilimwangalia viatu. Cha kushoto kikaanza. Kikapotea. Kikaongeza hatua — kosa langu lilelile! Akakunja uso. Tuliporudia, kiatu cha kulia kikashuka kwenye moja, naye akakitazama kama ni cha mtu mwingine.

Mwishoni akamwambia Rumen tarumbeta za nyuma zinachelewa. Rumen akasema anajua, hana mtu wa kuzikaza. Harrison akaitazama safu ya tarumbeta. Kisha akabeba tromboni.

"Dada Serah, hii naondoka nayo. Nakwenda kuomba. Nitakujibu."

Jaswant akasema, "Mzee, ukiomba, mwambie huko juu hatuna mwingine."

Hakucheka. Ila ilibaki kidogo tu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Naandikia kwenye chumba cha makoti, ukumbini. Watu wamejaa. Wabulgaria wameshashikana mikono wakingoja wimbo. Baa ina kelele, sitasema uongo.

Harrison hajajibu. Nimempigia, hashiki. Nikamwambia Rumen atafute mtu mwingine, akasema kiti changu kitakaa wazi. Hapo nikataka kulia. Jaswant akapita na vijiti vyake: "Mama Ann, usiniharibie, mimi hulia haraka."

Dirisha hapa linaangalia maegesho. Ngoja.

Ni gari la Harrison. Limesimama hapa chini tu, chini ya taa. Yumo ndani na sare yake, ameinamisha kichwa kwenye usukani. Anaomba. Kiti cha pembeni kina masanduku mawili. Lile refu nalijua, nimelibeba miaka. Lile fupi ni la tarumbeta yake.

Rumen ameanza kuhesabu jukwaani. Fupi, fupi, refu.

Bwana, mjibu mapema, tafadhali.