Laptop Moja kwa Ng'ombe Wawili

Mpendwa Mshauri Nasimiyu,

Naomba msaada wako upesi kabla mke wangu hajazoea kwao. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, naishi Malaba, si mlevi, si mgomvi, na kosa langu ni moja tu, kwamba nina laptop nzuri na watu wa hapa hawajui thamani ya kitu kizuri.

Laptop hii niliinunua miaka mitano iliyopita kwa elfu hamsini, mwaka ule ule nilipoanza kuishi na Anyait, na nilikuwa nachapa nayo hati za madereva wa malori yanayopanga foleni kuvuka kwenda Uganda, kazi nzuri tu, mpaka mwenye ofisi akafunga akahamia kwingine, na tangu hapo laptop iko sebuleni juu ya meza yake, na nakuambia Mshauri, hujawahi kuona laptop iliyotunzwa hivi, kwa sababu unajua vumbi la malori ya Malaba, linaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko, lakini laptop yangu inafutwa kila asubuhi, inafunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kitambaa chenyewe kinafuliwa kila Jumamosi na kupigwa pasi, chaja inakunjwa na kurudishwa kwenye mkoba wake, kibodi haijawahi kuona tone la chai, na hata wageni wakikaa karibu nayo na kikombe wanahamishwa kiti.

Sasa niliamua kuiuza ili nichukue pikipiki kwa mkopo, nikatangaza bei yangu elfu arobaini, bei ya kuongea lakini si ya kuongea sana, kisha nikaipeleka kwa Mathews, fundi wa simu pale karibu na reli, ili akiulizwa aseme ni safi. Huyo Mathews akaiwasha, akangoja, akakuna kichwa, akaniambia, "Boss, hii ni safi kweli, lakini ni ya kitambo. Betri imechoka. Elfu kumi na tano, na hapo nimekuheshimu." Nikamwambia aguse kibodi aone ilivyo nyororo. Akasema, "Nyororo haiongezi spidi, boss." Nikaichukua nikaondoka bila kumuaga.

Kumbe habari zilifika Amukura kwa mama mkwe wangu, ambaye ni karani wa kikundi cha akina mama kanisani na amechoka kuandika kwa mkono, akatuma neno kwamba ana elfu kumi na tano na anaitaka hiyo laptop. Mshauri, hapo nilipata wazo, na bado naona lilikuwa wazo zuri. Mahari ya Anyait tulikubaliana ng'ombe wanane, nimepeleka watano, wamebaki watatu, nikasema basi mama asitoe pesa yake, aichukue laptop, tuihesabu kuwa ng'ombe wawili, abaki mmoja tu, tumalizane kwa amani.

Jina lako ni la Kibukusu lakini najua unajua kwamba sisi Wateso mkwe haonani ana kwa ana na mama mkwe wake, wala hampi mkono, sembuse kubishana naye bei, kwa hivyo siku aliyokuja alikaa kwa jirani, upande wa pili wa ua, mimi nikakaa sebuleni karibu na dirisha, na Anyait akasimama mlangoni akipeleka maneno huku na huku, ingawa ukweli ni kwamba sote tulisikiana vizuri sana, maana ua wenyewe ni wa matete.

Nikasema, "Mwambie mama ni ng'ombe wawili."

Anyait akasema, "Mama, anasema ni ng'ombe wawili."

Mama akasema, "Muulize, ng'ombe anazaa. Hiyo laptop imezaa nini miaka mitano?"

"Mwambie inaweka mambo mengi ndani."

"Muulize kama inaweka maziwa. Halafu mwambie, kwa sababu ni yeye, naweza kuihesabu mbuzi mmoja. Dume."

Jirani akacheka, tena kwa nguvu, na mimi hasira zikanipanda, nikasema kwa sauti, "Mwambie kitu kilichotunzwa hakishuki bei!"

Hapo Anyait hakupeleka neno. Alisimama tu akiniangalia. Mama mwenyewe akasema kutoka ng'ambo ya ua, bila kungoja mtu, "Nimesikia." Halafu akaendelea kunisemesha mimi moja kwa moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niwe mkwe wake. Akasema, "Krismasi ulimtuma kaka yako Osukuku kwangu aniombe ng'ombe wapunguzwe, eti Anyait amekaa kwako miaka mingi, si msichana tena. Leo unasema kilichotunzwa hakishuki bei. Sawa. Binti yangu nilimtunza. Nangoja ng'ombe wangu watatu."

Akaenda zake. Anyait naye akaingia ndani, hakubeba nguo, hakubeba chochote cha maana, akaondoa kile kitambaa juu ya laptop, akakikunja, akamfuata mama yake, na mpaka leo hapokei simu.

Mshauri, silali, nyumba imepoa, nakula mandazi ya barabarani asubuhi na jioni. Nampenda Anyait, hilo ulijue. Naomba uniambie, bei ya haki ya laptop hii ni ngapi? Na nitamrudishaje mke wangu bila kuonekana nimeshindwa? Na la tatu, nikiiuza bila kile kitambaa, itabidi nipunguze bei?

Wako Emukule, Malaba. Jina la baba yangu tafadhali usilitoe.

*

Emukule,

Jina la baba yako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa sijui limesaidia nini, maana Malaba nzima ina Emukule mmoja tu anayehamisha wageni kiti kwa ajili ya laptop.

Nianze na pole. Kufungiwa ofisi si mchezo, na mtu akikishikilia kile kifaa alichokuwa akipatia chakula chake, akakiona bado ni cha maana kama yeye alivyokuwa wa maana, mimi simcheki. Uliposema nyumba imepoa nilikuhurumia, na nikaendelea kukuhurumia mpaka nilipofika kwenye swali la tatu.

Bei kwanza, kwa kuwa ndiyo uliyoitanguliza mbele ya mkeo. Ni elfu kumi na tano. Mathews hakukutukana, alikuambia ukweli bure na hukumuaga. Usafi unamfanya mnunuzi asiogope kuishika, haumfanyi alipe mara mbili. Kompyuta inazeeka hata ikilala usingizi chini ya maua ya kufuma. Weka chaja na mkoba, omba elfu kumi na sita, na mtu akikupa, pokea haraka kabla hajaiwasha mara ya pili.

Sasa tuje kwenye utunzaji, maana barua yako nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi. Laptop inafutwa. Inafunikwa. Kitambaa kinafuliwa, kinapigwa pasi. Chaja inakunjwa. Wageni wanahamishwa. Na nani, Emukule? Kiswahili hiki kinakuruhusu kumficha mtu mzima nyuma ya hiyo "wa" ndogo ya mwisho, na wewe umemficha humo mkeo miaka mitano. Jumamosi, nani alishika pasi? Yale maua nani aliyafuma? Najua si wewe, kwa sababu mwanamume akipiga pasi kitambaa kimoja tu, huniandikia ukurasa mzima. Hebu inuka, kapitishe kidole juu ya hiyo laptop, kisha urudi uendelee kusoma. Nakusubiri.

Umeona hilo vumbi.

Basi ile elfu ishirini na tano uliyopachika juu ya bei ya fundi, ukaiita utunzaji, ni jasho la Anyait. Na ulitaka kulichukua jasho hilo ukalipie mahari yake Anyait mwenyewe. Yaani mwanamke ajilipie ng'ombe, halafu wewe uhesabiwe kuwa umeoa! Wanaume wameniandikia mengi kwenye safu hii, lakini hilo hakuna aliyewahi kulithubutu.

Tena ulimtuma Osukuku, mtu mzima, siku za sikukuu, aende kumwambia mama mzazi kwamba mtoto wake amechakaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mke akiwa ndani miaka mitano, bei ishuke. Laptop ikiwa ndani miaka mitano hiyo hiyo, bei isimame pale pale. Anyait alisikia zote mbili kutoka kinywani mwako, kwa hivyo usishangae kwamba aliishiwa na maneno ya kupeleka. Na usinilalamikie kwamba mama alivunja desturi akakusemesha. Desturi ya kutoonana na mkwe iliwekwa ili mheshimiane, haikuwekwa ili ujifiche nyuma ya dirisha umpigie kelele kupitia kwa binti yake. Wewe ndiye uliyeivunja, yeye alikuja tu kukuta vipande.

Na mahari si bei, Emukule. Mtu hauzwi, hapunguziwi, hana betri ya kuchoka. Hao ng'ombe ni neno uliloliahidi mbele ya watu.

Sikiliza sasa cha kufanya. Laptop usimuuzie mama mkwe, si kwa elfu kumi na tano, si kwa mbuzi, si kwa chochote. Na mkwe hatufanyi biashara, ndiyo maana mlisimamisha ua katikati. Muuzie mtu baki, hata kama ni Mathews, na umwombe radhi ukifika. Pikipiki itangoja. Pesa hiyo haitoshi ng'ombe mtamba, lakini ni mwanzo wa mtamba, na ukiacha kununua mandazi asubuhi na jioni utausogeza mwanzo huo. Ukishampata, Osukuku ndiye atakayempeleka Amukura, kwa sababu ulimi wake ndio uliobeba yale ya Krismasi. Kabla hajamtaja Anyait aseme hivi: "Mama, nilileta neno baya hapa, nimekuja kulirudisha." Asiongeze chochote kuhusu laptop. Wewe mwenyewe usiende kupiga hodi langoni kwa watu.

Unauliza utamrudishaje bila kuonekana umeshindwa. Umeshashindwa, baba. Jirani alicheka, na ua ni wa matete. Kubali, ni nafuu kuliko kununua ua mwingine. Wala sikuahidi kwamba atarudi. Hilo ni lake kuamua, na akikataa usiniandikie barua ya pili kuniuliza bei ya meza.

Na swali lako la tatu nimelijibu mwisho kwa makusudi. Ndiyo, bila kile kitambaa punguza bei. Huko Malaba hakuna kitu kilichobaki nyumbani kwako chenye thamani kuliko alichobeba Anyait mkononi, na wewe uliandika kwamba hakubeba chochote cha maana.

Mtamba akishafika Amukura, mwandikie Anyait ujumbe mmoja, kwa mkono wako, bila "inafutwa" na bila "kinafuliwa". Mwandikie hivi: Wewe ulifuta, wewe ulifunika, wewe ulifua, mimi nikaitaja bei. Kisha weka simu chini, uchukue kitambaa chochote, ufute meza.

Nasimiyu